Sikio Ambalo Mtani Hakulitania

Nilizaliwa na masikio mawili kama watu wengine, na kwa miaka mingi sikuyawazia neno. Kisha siku moja kinyozi wa sokoni Temeke, alipokuwa akininyoa nyuma ya kichwa, alilikunja sikio langu la kushoto ili apitishe wembe, akaliachia. Likarudi. Nilikuwa nimeshika kioo chake mkononi, nikaliona lilivyorudi, kwa kishindo, kama mlango wa choo uliolegea bawaba. Alipolikunja la kulia na kuliachia, lilirudi taratibu, kwa adabu. Nikamlipa kinyozi, nikatoka, na tangu hapo sikupata raha.

Wakati huo Mwingereza angali anatawala. Temeke ilikuwa nyumba za udongo na makuti zikipakana na mikorosho, na mie nilikuwa dresa wa zahanati, yaani mtu wa kuosha vidonda, kufunga bendeji na kugawa kwinini. Siku ya shida watu waliniita daktari. Shida ikipita, nilirudi kuwa dresa. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na uwanga mpaka ikaweza kusimama bila mimi, na nilijihesabu mtu wa sayansi. Basi mtu huyo wa sayansi alinunua kioo cha mfukoni, kile cha duara chenye ua mgongoni, akawa anakwenda nacho nyuma ya jengo la zahanati, na jioni nyuma ya nyumba, kila alipopata nafasi, kutazama kama sikio limeongezeka.

Kioo hakikutosha. Kila kilichong'aa kilinivuta: beseni la vyombo, chupa ya spiriti, dirisha la duka la Mhindi, maji ya ndoo kabla hayajatikisika. Niliweza kusimama na mgonjwa, nikimwuliza homa imeanza lini, huku jicho moja liko kwenye kijiko cha dawa. Na ajabu ni kwamba kila kioo kilisema lake. Kimoja kiliniambia si neno, kingine kikasema ole wako, nami siku zote nilikiamini hiki cha pili.

Dawa ya kwanza niliyojipa ilikuwa kofia. Nilikuwa na kofia nyeupe ya kufumwa kwa mkono, kazi ya shangazi yangu, nikaivuta upande wa kushoto mpaka nusu ya sikio ikazama. Nilitembea hivyo nikidhani nimejificha. Kumbe vijana wa mtaa walikuwa wananitazama. Ilipofika Idi, nusu ya vijana wa Temeke walikuja kuswali na kofia zimelalia sikio la kushoto, na mzee mmoja akanung'unika mbele ya watu kwamba dresa anawafundisha watoto majivuno. Mimi niliyekuwa natafuta shimo la kujifukia nikawa mtu wa kuigwa.

Nikaona kwamba kujificha si njia ya mtu wa elimu. Mtu wa elimu huchunguza. Nikachukua uzi wa kushonea majeraha, nikaanza kupima masikio ya wagonjwa. Mtu alikuja na tumbo, nikamwambia geuka. Akaja mwingine na kidonda cha mguu, geuka. Akaja mama na mtoto mwenye upele, wote wawili, geukeni. Haukupita muda ikaenea kwamba dresa wa Temeke husoma maradhi masikioni, na vikongwe wakawa wanakuja na masikio yamesuguliwa na kupakwa mafuta ya nazi. Bibi mmoja kutoka Mtoni, niliyempa dawa ya kikohozi bila kumpima, alikataa kuondoka. "Mbona mie hujanisoma?" akaniuliza mbele ya foleni nzima. Nikamsoma.

Matokeo ya utafiti wangu yalikuwa wazi. Katika watu wote niliowapima, hakupatikana hata mmoja mwenye masikio yaliyolingana. Mwenye akili zake angemshukuru Mungu, akatupa uzi, akaenda kula. Mimi niliamua kwamba watu wa Temeke wana kasoro, na kwamba kasoro hiyo imefikia kilele chake kwangu.

Lugha yetu nayo haikunisaidia. Sijui ni nani aliyejaza masikio ndani ya methali zetu. Mwenye zamu pale zahanati alipomkanya kijana wa kazi, akamwambia sikio halipiti kichwa, mimi niliyekuwa chumba cha pili nilihisi damu inanipanda usoni. Mama mmoja alimlalamikia mumewe mlevi mbele yangu, akasema sikio la kufa halisikii dawa, nami nikamwuliza kwa ukali alikuwa na maana gani. Masikini yule mama akaomba radhi, hajui kosa lake.

Yote haya yangekuwa kichekesho cha mtu mmoja na kioo chake kama nisingekuwa na mchumba.

Mchumba alikuwa Kinondoni, ambako siku hizo kulikuwa mashamba zaidi ya nyumba. Shangazi ndiye aliyemposa kwa niaba yangu, maana ndiye aliyenilea na ndiye niliyeishi naye. Uso wa binti sikuwa nimeuona. Kwao walikuwa watu wa kujisitiri, na mambo yalikwenda kwa utaratibu wa kale. Lakini siku moja nilitumwa kumpelekea mama yake dawa ya mguu, nikapita uani, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya msichana ikimwambia mtu, "Mtoeni huyo kuku jikoni, ananitazama kama mimi ndiye mgeni." Basi. Maneno hayo tu. Nilirudi Temeke kwa baiskeli nikicheka peke yangu njia nzima, na kabla ya kufika nilijua kwamba nikimkosa mwenye sauti ile nitakuwa nimekosa kitu kikubwa. Nilimtaka sana, na sioni haya kuliandika hilo.

Lakini nilijua pia taratibu zetu. Baada ya nikaha, bwana harusi huingizwa chumbani kumpa mkono bibi harusi, na hapo hukaa karibu, uso kwa uso, na kila mtu huonekana alivyo. Nilikuwa nimeshamaliza kuyaona yote kichwani: atainua macho, atayashusha kwa heshima, halafu atakaa maisha yake yote na mwanamume mwenye mlango wa choo kichwani. Kwa hiyo harusi ilipokaribia, nilijifunga bendeji kichwa kizima, nikatuma maneno kwamba nimeota jipu la sikio. Bendeji ilikuwa nzuri mno. Sijawahi kumfunga mgonjwa vizuri namna ile.

Wakapanga siku nyingine. Ilipokaribia nayo, nikasema zahanati imezidiwa na wagonjwa, haiwezekani kuniachia. Safari hii baba wa binti alijibu. "Mwanangu si chungu cha kuachwa mekoni kikingojea nyama," alimwambia shangazi. "Akiahirisha tena, wenzake wapo." Na kweli alikuwapo mmoja, fundi cherehani wa Magomeni. Nilikwenda kumwangalia. Nilijifanya nashonesha suruali, nikamzunguka pande zote mbili. Masikio yake yalikuwa safi kabisa.

Nikaona bora nipate tiba ya kweli. Daktari wa Kizungu alikuja kukagua zahanati yetu, nikangoja amalize kuhesabu chupa, nikamwomba anikate sikio apunguze. Alinitazama upande huu, akanitazama upande ule. Akasema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba hakuna ugonjwa, nilale mapema na nisinywe pombe. Pombe sikuwa nakunywa. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa jambo moja tu: nimeharibika mpaka daktari ameona aibu kuniambia.

Sasa nimtaje mtani wangu, maana kwake ndiko nilikojimaliza.

Alikuwa dresa mwenzangu, Mnyamwezi, na mimi Mzaramo. Anayejua utani wetu hahitaji kuelezwa, na asiyejua aelewe tu kwamba Mnyamwezi ana haki ya kumsema Mzaramo lolote mbele ya yeyote, na Mzaramo akikasirika, aibu ni ya Mzaramo. Mwenzangu huyu aliitumia haki yake kikamilifu. Alinisema kwa miguu yangu myembamba, kwa ninavyotafuna, kwa ukoo wangu kupenda ngoma kuliko jembe. Alipofariki baba yangu, alikuja mazikoni, akateremka kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema hatoki, Mzaramo atafute pengine. Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Hata mimi nilicheka, na ndiyo kazi ya mtani.

Mtu huyo aliyemtania baba yangu kaburini hakuwahi hata mara moja kulitaja sikio langu.

Nilikaa na jambo hilo nikaligeuza, nikaligeuza tena. Nilivyolelewa mimi, utani una mpaka mmoja: kilema cha kweli hakiguswi. Mtani atakutania ufupi, atakutania uchoyo, lakini jicho lililopofuka ataliruka kama vile halimo usoni. Hesabu ikawa rahisi. Analiruka sikio, kwa hiyo sikio ni kilema. Nikamvizia tukiwa peke yetu tunachemsha sindano.

"Mtani," nikasema, "mbona hunitanii sikio?"

"Sikio lipi?"

Nilipumua. Nilijisikia mwepesi kuanzia asubuhi ile mpaka karibu na adhuhuri. Kisha nikawaza: ameuliza "sikio lipi" kwa haraka mno. Kesho yake nikamwuliza tena. Akanijibu. Keshokutwa nikamwuliza aape. Akaapa. Nikamwuliza kwa nini ameapa akitazama chini. Ikafikia mahali mtani akinisikia nimevuta pumzi kutaka kusema, anachukua ndoo anakwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mwisho akaamua kunitibu. Asubuhi moja foleni ikiwa ndefu, alipanda juu ya benchi la wagonjwa, akapiga makofi. "Jamani, mnamwona Mzaramo huyu? Sikio lake la kushoto likishikwa na upepo, anafika Kilwa bila nauli! Mvua ikinyesha tunajikinga humo, familia nzima!" Watu walicheka wakashikana mabega. Hata mwenye homa alicheka. Mtani akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyempa ndugu yake zawadi aliyoililia muda mrefu.

Mimi niliingia stoo ya dawa, nikajifungia na chupa za dawa ya zambarau, nikalia. Kumbe ni kweli. Kumbe watu wote walikuwa wanajua, ndiyo maana hawakuhitaji kuelezwa ni sikio lipi. Haikunijia hata kidogo kwamba nimemfunga mtani kamba pande zote: akinyamaza, sikio ni kilema, na akisema, sikio ni kilema. Nilitoka mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani, nimeshakata shauri. Shangazi aende Kinondoni siku ileile, aseme hakuna harusi, wampe fundi cherehani.

Nilimkuta shangazi uani, akitawadha.

Hapa inabidi niseme habari za shangazi. Alikuwa mwanamke hodari, mkali, asiyemwogopa mtu, lakini maji yalimshinda. Kutawadha kwake hakukuisha. Aliosha mguu, akainuka, akasita, akaona pengine kisigino kimebaki kikavu, akarudi. Akianza upya, anaanzia mikononi. Kuna siku alianza kutawadha kwa sala ya adhuhuri, akajikuta anaswali alasiri. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji, na majirani bombani wakimwona anakuja na ndoo zake walianza kuguna. Mwalimu wa msikitini alikwisha kumwambia kwamba ni wasiwasi, na wasiwasi watoka kwa Shetani. Aoshe mara tatu kama ilivyoamrishwa, ainuke aswali, na moyo ukisema bado, auache useme. Shangazi alimsikiliza kwa heshima yote. Alipoondoka akaniambia, "Kujua najua. Mguu ndio haujui."

Mimi kama mtu wa sayansi nilikuwa nimemtibu pia. Nilimpa dawa ya kutuliza moyo, ikamlaza usingizi, akaamka na kutawadha upya, maana usingizi umeuvunja udhu. Nilimhutubia kuhusu ngozi na unyevu. Kwa siri nilimwonea huruma, na kwa siri zaidi nilijiona bora: mtu mzima, mguu mmoja, mara ngapi?

Basi siku hiyo nilisimama mbele yake na kilio changu, nikamwambia aende Kinondoni avunje uchumba.

"Ngoja nimalize," akasema, akamwagia kisigino maji.

Nikangoja. Akaosha. Akarudia. Nikamweleza habari ya benchi, ya Kilwa, ya watu walivyocheka. Akaitikia kwa kichwa, akaanza tena mikononi. Hasira zikanipanda.

"Shangazi! Mguu huo umeshaosha!"

"Na wewe hilo sikio umeshaliona!" akapiga kelele, birika bado liko hewani. "Unadhani sijui unavyozunguka nyuma ya nyumba na kioo? Unadhani nafagia huko nimefumba macho? Unaliona, unaliona, unakwenda kuliona tena. Limekuwa mwezi mwandamo hilo?"

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye mdomo wa birika. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema nyani hufanya nini siku anapokutana na nyani mwenzake ana kwa ana. Sisi tulitazamana, halafu shangazi akaanza kucheka, nami nikacheka huku machozi hayajakauka.

Hapo hapo tukapatana. Hatukujua kama ni tiba. Ilikuwa zaidi kama ugomvi wenye sheria. Mimi nitashika birika, nitammiminia mara tatu kila kiungo, kisha nitaondoka na birika na yeye atainuka hivyohivyo, moyo upende usipende. Yeye atachukua kioo changu na kofia yangu, nami nitakwenda kazini kichwa wazi, na sitamwuliza binadamu yeyote habari za sikio. Nikigusa sikio, ninateka maji bombani, na foleni ya bomba ni ya wanawake na ina maneno. Yeye akiiba tone moja la ziada, anapika wali wa nazi. Wiki za kwanza nilikula wali mwingi sana.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilipoondoka na birika, shangazi alisimama kwenye mkeka, akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua, akalia kwamba sala yake haifai na nitaibeba mimi siku ya kiyama. Niliogopa. Mkono wangu ulikwisha kuinua birika kumrudishia. Sikumrudishia kwa sababu moja tu ya aibu: kesho yake ilikuwa zamu yangu, na nilijua akilegezewa yeye, nitataka kulegezewa mimi.

Kesho yake nikatoka kichwa wazi. Kutoka nyumbani mpaka zahanati si mbali, lakini siku ile njia ilikuwa ndefu na kila dirisha la Temeke lilikuwa linaniita kwa jina. Nikafika, nikakaa kwenye kiti changu, nikaanza kuosha vidonda moyo ukienda mbio. Nilikuwa na hakika nitaanguka. Wagonjwa walinitazama, nami nikajua wanatazama nini. Ikapita saa. Mwenye kidonda alikuwa anataka kidonda chake kifungwe. Mwenye mtoto alikuwa anamtazama mtoto. Mtani, aliyekwisha kuonywa na shangazi, nilipofungua mdomo alisema tu, "Kamwulize shangazi yako," akaendelea kuitania miguu yangu.

Nikagundua jambo ambalo sikufundishwa kwenye mafunzo ya udresa. Hofu ile, ukiinyima inachokidai, hupanda, hupanda mpaka unadhani utakufa, kisha huchoka. Ukiipa, hata kidogo, hurudi kesho na njaa zaidi. Kioo kilikuwa ndicho chakula chake, na maswali yangu kwa mtani nayo yalikuwa chakula, na majibu yake mema ndiyo yaliyoishibisha zaidi. Siku hizi nasikia madaktari wa akili wana jina la maradhi haya na wanatibu kwa njia inayofanana na ile yetu ya birika. Nafurahi. Lakini kwetu jina lilikuwapo tangu zamani, na mwalimu wa msikitini alikwisha kulitaja. Kilichokosekana ni mtu wa kuondoka na birika.

Shangazi alipata nafuu kabla yangu, na hakuniacha nisahau. Alianza kuwahi sala, akawa anasimama mlangoni kanga begani kunitazama ninavyohangaika, akisema, "Mganga hajigangi." Ni yeye aliyekwenda Kinondoni, lakini si kuvunja. Alikwenda kupanga siku, akarudi akaniambia imeshapangwa. Kwa baba wa binti ilikuwa nafasi ya mwisho, na mzee alimwambia shangazi hivyo bila kuzungusha maneno.

Siku ya harusi tulikodi lori. Shangazi alinifunga kilemba kwa mkono wake, akakifunga juu, masikio yote mawili nje. Nilikaa mbele pamoja na dereva, na ubavuni mwa lori palikuwa na kioo cha kutazamia nyuma, kikubwa, kisafi, kimeelekezwa kwangu kama vile kimeagizwa. Tulivuka Msimbazi nikikitazama kwa pembe ya jicho. Tulipofika Magomeni nikamwomba dereva asimame, eti nimesahau kitu.

Shangazi alikuwa nyuma na akina mama, wanaimba. Wimbo ukakatika. Akateremka, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Kitazame," akasema kwa upole ambao sikuuzoea. "Kitazame ukitaka. Tukishafika Kinondoni utakitaka tena, na mlangoni utakitaka tena. Halafu niambie nimwambie nini yule mzee."

Sikukitazama. Si kwa ushujaa. Nilifumba macho mpaka Kinondoni, na watu waliotuona njiani lazima walisema bwana harusi amelewa.

Nikaha ilipita. Nilishika mkono wa baba mkwe, nikasema nimekubali. Mpaka dakika ile sikujua kama sikio langu ni la kawaida au ni la ajabu, na hata leo nikiandika haya sijui. Nilikwenda bila kujua. Hiyo ndiyo tiba yote niliyopata, na anayetaka zaidi ya hiyo atafute mganga mwingine.

Kisha wakaniingiza chumbani kumpa mkono. Akina mama wakapiga vigelegele, mlango ukarudishwa, tukabaki wawili. Mchana ulikuwa mwangavu, dirisha liko wazi. Alikuwa ameketi kitandani, ameinamisha kichwa. Nikampa mkono, akaupokea, nikangoja ainue macho. Hakuinua. Moyo ukaniambia: ameshakuona tayari, ameshaona.

"Naomba nikuulize neno moja," akasema. Ilikuwa ile sauti iliyomsema kuku, lakini nyembamba zaidi. "Siku uliyoleta dawa ya mama. Uliniona?"

"Sikukuona. Pazia lilikuwa limefungwa."

"Usinifiche, bwana. Ulipita uani, kisha ukaahirisha. Wakapanga tena, ukaahirisha tena. Mtu hakimbii bure." Alivuta pumzi. "Kila ulipoahirisha nilikaa na kioo nikatafuta ulichokiona. Kwanza nikadhani ni meno. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa. Halafu nikaona si meno, ni paji la uso. Sasa hata sijui tena. Kila nikitazama naona kingine. Leo niambie tu ni kipi, nijue, nipumzike."

Akainua uso. Sikuona kasoro, na nilijua kwamba nikimwambia hivyo atapumzika mpaka karibu na adhuhuri ya kesho. Nilikuwa nimeosha vidonda vya Temeke nzima, na huku kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimefungua kimoja kwa mtu ambaye hata uso wake sikuujua. Niliona haya, na niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili ya sikio.

Nikakaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu yake, nikamweleza yote: kinyozi, uzi, bendeji, benchi, birika la shangazi. Nilimweleza kwa vichekesho, maana sikujua njia nyingine ya kuyasema, na nilitaraji acheke. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaza macho kwangu, kisha akauliza swali moja.

"Huisha?"

Wagonjwa waliwahi kuniuliza hivyo maelfu ya mara, nami siku zote niliwaambia itaisha, meza dawa, kesho utapona. Yeye nikamwambia kweli.

"Hupungua."